Kwekwe, Ngwe na Mnazi: Palizi katika Lugha na Fasihi ya Pwani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza msamiati wa palizi katika Kiswahili kama kumbukumbu ya mahusiano ya kazi na umiliki katika mashamba ya pwani. Inaonyesha kwamba maneno palilia, ngwe na kwekwe yalikua ndani ya mfumo uliotenganisha umiliki wa mti na umiliki wa ardhi, na kwamba mfumo huo ni sehemu ya maana ya shairi la Abdilatif Abdalla, "Mnazi: Vuta N'kuvute". Aidha, inafuatilia namna magugu yalivyogeuzwa kuwa jina la watu, na athari za mgeuko huo.

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyasoma mashamba na miti kama ishara. Mnazi huwa nchi, shamba huwa taifa, na mkulima huwa mwananchi. Usomaji huo una mashiko, lakini una upungufu mmoja: huuharakisha mti kuwa kitu kingine kabla ya kuuliza mti wenyewe ulikuwa nini kwa watu walioupanda, walioupalilia na walioukwea. Katika pwani ya Afrika Mashariki, swali hilo lilikuwa la kisheria na la kiuchumi kabla ya kuwa la kishairi.

Msamiati wa palizi

Kitenzi palilia kina umbo la kauli ya kutendea, na umbo hilo linaeleza mengi. Mkulima hapalilii magugu. Hupalilia mihogo, mahindi au mikarafuu. Yambwa ya kitenzi ni mmea unaofaidika, si mmea unaoondolewa. Ndiyo maana matumizi ya kitamathali ya kitenzi hiki huelekea pande mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zinapingana. Mtu anaweza kupalilia mapenzi, na anaweza vilevile kupalilia chuki. Katika tungo ya pili chuki imepewa nafasi ya zao: kuna mtu anayeitunza na kuiondolea vizuizi kwa sababu anatarajia kuvuna. Sitiari hiyo haiwezi kueleweka barabara na anayedhani kwamba kupalilia ni kung'oa tu.

Neno ngwe nalo lina historia ya kazi. Katika ukulima ni kipande cha shamba kilichopimwa na kukabidhiwa mtu akilime au akipalilie, na linaelekea kuhusiana na ugwe, yaani kamba nyembamba. Ngwe ni ardhi iliyogeuzwa kuwa kipimo cha jasho. Leo neno hilohilo hutumika kwa awamu ya uongozi, sehemu ya mashindano au kipindi cha maisha. Anayesema kwamba kiongozi amemaliza ngwe yake anatumia, pengine bila kujua, lugha ya mtu aliyepimiwa kazi na ambaye hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kuikamilisha. Haikosi kejeli kwamba neno la mlimaji aliyepimiwa limefika kwa mtawala.

Palizi kama mkataba: Unguja na Pemba

Mikarafuu iliingizwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kuenea haraka wakati wa Sayyid Said bin Sultan. Kazi ya kuipanda, kuipalilia na kuichuma ilifanywa na watumwa. Katika mashamba mengi mtumwa aliachiwa siku mbili za juma, aghalabu Alhamisi na Ijumaa, pamoja na kipande cha ardhi cha kupandia chakula chake. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa kitovu cha uzalishaji. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, wenye mashamba walibaki na miti lakini si na mikono ya kuitunza.

Jibu lililopatikana, kama Frederick Cooper alivyolichambua katika kitabu chake cha 1980 kuhusu safari ya kutoka utumwa hadi uskwota, lilikuwa ni palizi. Watumwa wa zamani na wakulima wengine waliruhusiwa kuishi shambani na kulima mihogo, viazi na mazao mengine ya muda mfupi katikati ya mikarafuu. Kwa kufanya hivyo waliisafisha ardhi. Mwenye shamba alipata miti isiyosongwa na majani na uwanda ulio wazi ambako karafuu zinazodondoka ziliweza kuokotwa. Skwota alipata chakula na mahali pa kujenga. Jembe moja lilifanya kazi mbili, na mara nyingi hapakuwa na karatasi iliyoandikwa.

Mkataba huo ulikuwa na mpaka mmoja uliolindwa kwa makini: skwota hakutakiwa kupanda miti ya kudumu. Muhogo huvunwa ukaisha. Mnazi humzidi umri aliyeupanda, na katika desturi za pwani aliyepanda mti alikuwa na haki juu yake hata kama ardhi ilikuwa ya mwingine. Kumruhusu skwota apande mnazi kulikuwa ni kumruhusu apande dai.

Mpaka huo ulitikisika siasa za vyama zilipoingia mashambani. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, maskwota wengi wa Zanzibar walifukuzwa kwa sababu ya upande walioutetea. Hoja iliyosikika miongoni mwao iliitumia desturi ileile kwa kuipindua: ikiwa mti na ardhi ni vitu viwili, basi mwenye shamba na abaki na mikarafuu yake, ardhi ni ya wanaoilima. Sheria ya zamani iliyowanyima mti ilikuwa imewapa lugha ya kudai udongo. Mgogoro huo, na Mapinduzi ya 1964 yaliyofuatiwa na ugawaji wa ardhi kwa vipande vya eka tatu, ndio unaoupa uzito ulimwengu wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), riwaya ya Adam Shafi ambamo fahari ya kasri haitenganishwi na jasho la shamba.

Mnazi wa Alii na Badi

Upande wa Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka madai ya ardhi ya pwani yasikilizwe na kuandikishwa. Waliopata hati wakawa wamiliki. Wengi walioishi na kulima bila hati wakageuka maskwota mahali walipozaliwa. Hata hivyo utengano wa ardhi na kilicho juu yake haukutoweka. Mombasa ilijulikana kwa nyumba zisizo na ardhi, ambapo mwenye nyumba humlipa kodi mwenye kiwanja. Miongoni mwa Wagiriama wa eneo la Kaloleni, David Parkin alieleza katika kitabu chake cha 1972 namna minazi na ardhi zilivyokuwa zikikusanywa na watu wachache, huku ushahidi wa wazee ukiwa silaha kuu katika kesi za nani aliuza nini na kwa nani.

Katika mazingira hayo ndipo linapostahili kuwekwa shairi "Mnazi: Vuta N'kuvute", lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973). Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya diwani hiyo aliyatunga kifungoni. Shairi ni majibizano ya Alii na Badi wanaogombea mnazi mmoja. Wahakiki wameuona mnazi huo kuwa nchi iliyopata uhuru na matunda yake yakaishia kwa wachache. Usomaji huo ni sahihi, lakini historia ya palizi inauongezea kina. Msomaji wa pwani wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa kwamba watu wawili wanaweza kuwa na madai ya kweli juu ya mti mmoja. Aliyekaa juu si lazima awe ndiye aliyepanda, na aliyepanda si lazima awe mwenye ardhi. Kwa hiyo shairi halimtambulishi mwizi na mwenye mali tu. Linauliza ni kazi ipi inayozaa haki. Methali isemayo mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, inaugusa ukingo wa swali hilo lakini haimwambii mkulima afanye nini. Majibizano ya Alii na Badi yanamwambia angalau kwamba dai lake linaweza kutamkwa.

Magugu yanapokuwa watu

Tawi la pili la msamiati huu limekwenda kwingine. Katika mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 13, ambamo tafsiri ya Kiswahili ya Union hutumia neno magugu, mwenye shamba huwazuia watumwa wake wasiyang'oe kabla ya mavuno, wasije wakang'oa na ngano. Siasa haikuwa na subira hiyo. Kikosi cha polisi wa Kenya kilichokabiliana na kundi la Mungiki kiliitwa Kwekwe, na ripoti ya Philip Alston kwa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 ilikitaja katika tuhuma za mauaji nje ya sheria. Jina hilo lilitangulia hukumu: kwekwe haishtakiwi. Aidha, lilificha swali ambalo kitenzi palilia hulilazimisha kila mara, yaani palizi hiyo inafanywa kwa faida ya zao gani, na nani atakayevuna.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba msamiati wa palizi ni ushahidi wa kihistoria. Palilia hukumbuka mmea unaonufaika, ngwe hukumbuka kazi iliyopimwa, na mnazi wa kishairi hukumbuka sheria iliyougawa mti na udongo wake. Uhakiki unaoruka hatua hiyo humpoteza skwota, ambaye bila jembe lake mikarafuu ingesongwa na majani. Maskwota wangalipo pwani, na madai yao bado yanasikilizwa. Kwa hiyo kuusoma mnazi kwanza kama mnazi ni kumrudisha katika fasihi mtu ambaye hati za ardhi zilimwacha nje.