Mzozo wa Kikuyu

Watu wengi hudhani ya kuwa kutokuamini huingia katika Kanisa kutoka nje, kwa elimu mpya, au kwa mali, au kwa vita. Twapenda kusimulia khabari za askofu mmoja wa Unguja aliyeshikilia kwamba mzizi wake huota ndani, katika Kanisa lisilojijua ni nini.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresibiteri, Kimethodisti na wengineo walikusanyika Kikuyu, katika misheni ya Waskoti. Hawakukutana kwa kupenda maneno. Reli ilikuwa imekwisha fika ziwani tangu 1901, na kijana aliyebatizwa na Wamethodisti wa pwani, alipokwenda bara kutafuta kazi, alikuta Kanisa jingine lisilomjua wala kumkaribisha katika Meza ya Bwana. Mtu wa namna hii akikaa mwaka au miaka miwili pasipo ushirika, imani yake hunyauka. Wala hakumwacha Mungu, ila hapana aliyempokea.

Basi Askofu Willis wa Uganda na Askofu Peel wa Mombasa, pamoja na wenzao, wakatunga mapatano juu ya Maandiko, Imani ya Mitume na ya Nikea, Ubatizo na Chakula cha Bwana, ili msafiri apokewe popote. Mwisho wa mkutano Askofu Peel akaongoza Ushirika Mtakatifu kwa taratibu ya Kianglikana ndani ya kanisa la Waskoti, na wengi wasio Waanglikana wakashiriki.

Khabari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston alikasirika sana. Kwake yeye Kanisa halikuwa chama cha watu waliopatana. Lilikuwa mwili mmoja uliofungwa na Mitume kwa uaskofu, na kuuweka kando uaskofu kulikuwa kukata mshipa. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akidai maaskofu wale wawili wahukumiwe kwa uzushi.

Lakini katika barua ya wazi aliyoitoa mwaka ule ule, Kikuyu lilikuwa jambo moja tu. Wanachuoni wa Oxford walikuwa wametoa kitabu mwaka 1912, kiitwacho Foundations, na humo yalitiwa shaka mafundisho ya kale, hata juu ya Ufufuo. Weston akauliza: Kanisa linaloyaachilia haya, lasimamia nini? Akasema halistahili kutuma wajumbe kwa Waislamu. Hoja hiyo ilikuwa nzito Unguja kuliko London. Mwalimu Mkristo wa mjini alikaa kati ya watu walioijua shahada yao tangu utoto; akiulizwa Kanisa lake laamini nini, angewezaje kujibu kwamba wanachuoni wangali wakishauriana?

Hapo twamkubali. Hatumkubali alipoiweka shaka ya Oxford na meza ya Kikuyu katika kapu moja. Yule kijana wa reli hakuwa na shaka juu ya Ufufuo.

Davidson hakumshitaki mtu. Shauri lilisikizwa mwaka 1914, na jibu likatoka Pasaka ya 1915, Ulaya ikiwa imekwisha ingia vitani: wageni waweza kukaribishwa panapo haja, lakini ibada kama ile isifanywe tena. Huko Uingereza jibu hilo likawa mzaha, nasi hatushangai.

Mwaka 1916 Weston aliwaongoza wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki. Mwaka 1918 akaenda mwenyewe Kikuyu, katika mkutano wa pili, na shauri lake mkononi: makanisa yaupokee uaskofu, ndipo yaungane. Wenzake hawakulikubali. Wakatia sahihi mapatano ya ushirikiano wa misheni tu, na kutoka humo ikazaliwa shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ambamo vijana wa misheni mbalimbali walikaa darasa moja. Kanisa moja halikuzaliwa. Waanglikana, Wapresibiteri na Wamethodisti wa Kenya wangali makanisa matatu.