Kwaresima isiyo na adhana

Februari 22, 1928 ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kwa hesabu ya kalenda ya Hijria, siku hiyohiyo ilikuwa mosi Ramadhani. Mwaka 1961 mifungo miwili ikakaribiana tena, ikipishana siku mbili. Ikarudi kukaribiana 1993, na tena 2026, Majivu yakiangukia Februari 18.

Sababu iko angani. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, ikazunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Pasaka nayo hufuata mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa Machi 21 au baada yake. Rudi nyuma siku 46 utafika Majivu. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Ndiyo maana ya quadragesima, neno la Kilatini lililotuzalia Kwaresima.

Wilayani Kibiti, kwenye delta ya Rufiji nchini Tanzania, miaka kama hiyo huonyesha tofauti moja. Ramadhani ina mtaa mzima nyuma yake: adhana ya magharibi, muhogo wa nazi kwenye futari, watu wa kukuamsha daku. Kwaresima haina wa kuiamsha. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, pwani hii ilikuwa imeujua Uislamu kwa karne nyingi. Hadi leo Wakristo wengi wa Kibiti ni wa kuja: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara wa barabara ya Kilwa, na wafugaji walioshuka na ng'ombe baada ya kuondolewa kwenye bonde la Usangu mwaka 2006.

Kanuni ya kale ya Kanisa, kuacha nyama siku ya Ijumaa, nayo haina uzito hapa. Ukienda kijiji cha Nyamisati, deltani, mboga ya kila siku ni samaki na kamba. Nyama ndiyo ya sikukuu. Februari 17, 1966 Papa Paulo wa Sita alilegeza masharti ya kufunga, akawaruhusu maaskofu kuweka sala na matendo ya huruma mahali pa kujinyima chakula. Kwa mtu wa delta, hapo ndipo mfungo ulipoanza kuuma, maana sala inadai muda, na muda ndio adimu.

Kwaresima huingia mpunga ukiwa shambani, na masika yakibisha hodi. Mkulima huhamia kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, akilinda mpunga: mchana ndege na nyani, usiku nguruwe pori. Njia ya Msalaba ya Ijumaa ina vituo 14; anayeshuka dunguni kwenda kuisali anajua nani atashinda shambani mwake.

Mwaka 2017 hata usiku uliponyoka. Alhamisi Kuu, Aprili 13, jioni ambayo mapadre huinama kuosha miguu ya waumini, askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa Mkengeni, hapahapa Kibiti. Viongozi wa vijiji nao walikuwa wakiuawa mmoja mmoja. Pikipiki zikaja kupigwa marufuku usiku. Mwishoni mwa Mei ikaingia Ramadhani, na anayetoka tarawehe akawa na woga uleule wa aliyetoka kwenye mkesha wa Pasaka.

Usiku umerudi kwa wenyewe. Jirani bado huvusha sahani ya futari uani kwa Mkristo, bila kuuliza kama naye amefunga. Akiwa amefunga, itakuwa ni kwa saa aliyojipangia mwenyewe.