Historia ya Manowari za Starfleet

Hii ni historia ya manowari za Starfleet, jeshi la anga katika hadithi za televisheni na filamu za Star Trek, tangu ile ya kwanza iliyoundwa kwa mbao na plastiki huko California hadi hizi za leo zinazozaliwa ndani ya kompyuta. Wapenzi wake hawaishi kubishana: ikiwa jeshi ni moja, mbona meli zake zina maumbo mengi hivyo? Wengi hulitafuta jibu katika vita na siasa za hadithi yenyewe, za karne ya 23 na ya 24. Jibu liko karakanani: nani aliiunda meli, kwa fedha kiasi gani, na kamera ilitaka nini.

Mwanzo wa ukoo ni Enterprise. Mwaka 1964 Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek aliyewahi kurusha ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, alimwendea mchoraji Matt Jefferies akiwa na orodha ya makatazo: isiwe roketi, isiwe na mabawa, isitoe moto nyuma. Jefferies, naye mtu wa ndege, akawaza kifundi. Injini aliziona za hatari, akazitenga mbali na watu, juu ya nguzo mbili. Ganda la nje akaliacha laini, maana alitaka kila kinachoweza kuharibika kiwe ndani, fundi akifikie bila kutoka nje kwenye ombwe. Namba akaiandika 1701, yaani meli ya kwanza ya muundo wa 17. Tarakimu 3, 6, 8 na 9 alizikwepa kwa sababu mtazamaji akiziona kwa mbali huzichanganya.

Modeli kubwa iliyopigwa picha ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 3, nayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la ndege na vyombo vya anga la Smithsonian, Washington. Anayeizunguka anaigundua siri yake: ubavu wa kushoto haukumalizwa, kwa kuwa huko ndiko zilikoingia nyaya za taa. Meli iliyovuka nyota kwa miaka mitatu ya televisheni ilikuwa na upande mmoja tu wa kuonyesha.

Katika miaka hiyo hapakuwa na tofauti za maumbo, kwa sababu hapakuwa na fedha za modeli ya umbo jingine. Mwaka 1967 hadithi ilipohitaji meli nyingine, Constellation, mafundi walichukua modeli ya plastiki ya kampuni ya AMT, ile ile iliyouzwa madukani kwa watoto, wakaibabua na kuitoboa ionekane imetoka vitani. Namba yake ikawa 1017. Wapenzi wakazua nadharia nzima kuhusu meli kongwe iliyokarabatiwa, lakini fundi alikuwa amepanga upya tarakimu za 1701 zilizomo kwenye karatasi ya stika. Mwaka uliofuata meli nne zilionekana kwa pamoja, Lexington, Excalibur, Hood na Potemkin, zote zikiwa sura ile ile ya Enterprise.

Tofauti zilianzia kwenye karatasi, ambako hazigharimu kitu. Mwaka 1975 Franz Joseph, mchoraji aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha ndege, alitoa kitabu cha michoro ya Starfleet. Alizigawa sehemu za Enterprise na kuziunganisha upya: sahani, yaani sehemu ya mbele ya mviringo, na injini moja zikawa manowari ndogo; Enterprise ikiongezewa injini ya tatu, ikawa manowari kubwa kuliko zote. Kanuni hiyo ya viungo vile vile kwa mpangilio mwingine ilishikwa na waliomfuata.

Kwenye skrini manowari ya kwanza ya Starfleet isiyofanana na Enterprise ni Reliant, ya filamu ya mwaka 1982. Hapa haja ilitoka kwa mtazamaji. Manowari mbili za jeshi moja zinapigana ndani ya wingu la gesi, Kirk, nahodha wa Enterprise, katika moja na adui yake Khan katika nyingine. Zikifanana, nani atajua anayepiga na anayepigwa? Injini za Reliant zikashushwa chini ya sahani, mtu akaweza kuitambua kwa kivuli chake tu. Inasimuliwa kwamba wachoraji walikuwa wameziweka juu, na mtayarishaji Harve Bennett akaushika mchoro kichwa chini na kuutia saini, nao wakauacha hivyo hivyo. Uzito nao ulikuwa na neno lake. Modeli ya Enterprise ya filamu ya mwaka 1979 ilikuwa nzito, na kila ilipohamishwa iliwachosha mafundi wa ILM, studio ya picha za ujanja. Reliant wakaiunda nyepesi. Miaka miwili baadaye wakaongeza Excelsior ndefu na Grissom ndogo.

Star Trek iliporudi kwenye televisheni mwaka 1987, mfuko ulikuwa mwembamba tena. Fedha ziliishia kwenye Enterprise mpya iliyochorwa na Andrew Probert, pana na ya mikunjo laini. Hadithi ilipotaka meli za kuandamana nayo, modeli za Reliant na Excelsior zilishushwa rafuni na kubandikwa majina mapya. Hadithi ilikuwa imesogea mbele kwa takribani miaka 80, hivyo ikabidi ielezwe kwamba ganda zuri likikarabatiwa hudumu karibu karne. Ubahili ukawa desturi ya jeshi.

Mwaka 1990 hadithi ikafika kwenye mapambano ya Wolf 359, ambako meli 39 za Starfleet ziliangamia. Televisheni haikumudu kuonyesha vita vyenyewe, ikaonyesha mabaki. Mafundi walikatakata modeli za plastiki za dukani na kuziunga kiholela. Moja, Ahwahnee, ilipewa kalamu nene za kukolezea maandishi kuwa injini zake nne, kisha ikachomwa na kutobolewa. Ilionekana kwa sekunde chache tu, lakini ikapewa aina na nafasi yake katika orodha za jeshi, kana kwamba wasanifu waliikalia vikao.

Kisha ikaja kompyuta. Kwa filamu ya mwaka 1996, Alex Jaeger wa ILM alichora aina nne mpya, Akira, Saber, Steamrunner na Norway, kila moja na kivuli chake, ili katika vita vya kasi zisichanganywe na Enterprise. Tatu zilirudi mara nyingi katika vita vya televisheni vilivyofuata. Norway ilitoweka, na inaelezwa kwamba faili yake ilipotea.

Majeshi ya kweli nayo hayakwepi mfuko. Enterprise ya chuma, manowari ya kubeba ndege ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 1961, iliendeshwa na tanuri 8 za nyuklia. Ilikusudiwa iwe na wadogo zake, lakini gharama ikawazuia, ikabaki peke yake katika aina yake. Nimitz, iliyoanza kazi mwaka 1975, ilitosheka na tanuri 2.

Mwaka 2020 kizuizi cha fedha kilionekana kuondoka. Mwishoni mwa msimu wa kwanza wa Star Trek: Picard, kundi kubwa la manowari za Starfleet lilitokea ghafla angani, zote nakala za meli moja. Kijeshi hakuna ubaya: vipuri ni vile vile, mafunzo ni yale yale. Watazamaji wengi walilalamika hata hivyo, na msimu wa pili, mwaka 2022, ukaleta kundi lenye aina nyingi, baadhi zikiwa zimechukuliwa kutoka mchezo wa kompyuta wa Star Trek.

Walalamikaji walikuwa na hoja. Zaidi ya miaka 50 ya kubana matumizi ilikuwa imewazoesha kwamba jeshi lililoishi lina wazee na vijana, lina majaribio yaliyofaulu na yaliyoachwa, na lina meli zilizoungwa kwa kilichopatikana. Jeshi la nakala ni jeshi lililozaliwa jana. Basi anayeuliza kwa nini manowari hii haifanani na ile, ajibiwe kwa mambo matatu: mwaka, fundi na bei.