Ndege Tano, Bendera Tatu

Septemba 2013 Jeshi la Anga la Uingereza liliziaga ndege zake za mwisho aina ya VC10. Zilikuwa ndege za kujaza mafuta angani, kuukuu na zenye kelele, na wapenzi wa anga walijipanga kando ya uzio wa viwanja kuzipiga picha. Wachache kati yao walijali kwamba mbili kati ya zilizoruka siku zile za mwisho ziliwahi kusajiliwa Tanzania. Moja ilikuwa 5H-MMT na nyingine 5H-MOG. Kabla ya jeshi kuzinunua zilikuwa za abiria, mali ya East African Airways, shirika ambalo kufikia 2013 lilikuwa limeshazikwa miaka 36.

Shirika hilo lilianza kazi Januari 1, 1946, chini ya serikali nne za kikoloni: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Halikuwa la kwanza kuruka hapa. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilibeba barua na wasafiri mpaka Vita Kuu ya Pili vikaimaliza. Nayo Imperial Airways ya Uingereza ilileta ndege zinazotua majini, zilizopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Lakini zile za Imperial zilikuwa zikipita tu. Msafiri wa Tabora au Mtwara hazikumhusu.

East African Airways ilianza na ndege sita aina ya Dragon Rapide, za mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, abiria wanane hivi. Huduma ndani hazikuwapo, kwa sababu hata mahali pa mhudumu kusimama hapakuwapo. Baadaye ikaja Lodestar, kisha Dakota, na hapo ndipo shirika lilipopata miguu. Dakota haikuwa na hewa ya kushindiliwa ndani, kwa hiyo ililazimika kuruka chini, palepale joto la mchana linapotupa ndege juu na chini kama chombo kwenye mkondo wa Nungwi. Mifuko ya kutapikia ilipata kazi. Hata hivyo Dakota ilitua kwenye viwanja vya udongo ambavyo ndege nyingine zisingethubutu kuvigusa, na iliendelea kufanya hivyo hadi miaka ya 1970. Fokker Friendship zilipofika mwaka 1962 msafiri wa ndani aliona mabadiliko makubwa: ndege ilipanda juu ya mawingu ya joto, masikio hayakuuma sana, na kwa kuwa bawa lilikaa juu ya madirisha, kila aliyekaa upande wowote aliiona nchi yote chini.

Safari za Ulaya zilikuwa jambo jingine. Kwa Argonaut, ndege ya pangaboi nne iliyonunuliwa mwaka 1957, kwenda London kulimaanisha kutua na kupaa tena mara kadhaa njiani. Kisha Septemba 1960 shirika likaanza kuruka kwa Comet 4, ndege ya jeti. Hilo tulitafakari: Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye hali ya hatari, na tayari Afrika Mashariki ilikuwa na jeti zake. Mashirika mengi yaliyokuwa makubwa kuliko hili yalikuwa bado yanazungusha pangaboi.

Ila kilele kilikuwa Super VC10. Kampuni ya Vickers iliiunda VC10 kwa kuzingatia hasa viwanja vya Afrika, ambako joto na mwinuko huinyima ndege nguvu ya kupaa. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari. Boeing 707 ilihitaji barabara ndefu ya kurukia na wakati mwingine kupunguza mzigo. VC10, yenye bawa pana lisilobanwa na injini na injini zote nne mkiani, ilinyanyuka mapema. Injini kuwa nyuma kulileta na neema ya pili ambayo abiria ndio waliokuja kuisimulia: ukimya. Aliyekaa mbele, daraja la kwanza, aliweza kuzungumza na jirani yake kwa sauti ya sebuleni. Moshi wa sigara ulikuwapo, maana siku hizo kila kiti kilikuwa na kisahani chake cha majivu. Ndege za hapa zilikuwa pia na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni mbele, ili sehemu ya kabini ya abiria iweze kuachiwa shehena pale watu walipokuwa wachache. Ulikuwa uamuzi wa kibiashara wa akili sana.

Zilinunuliwa tano, kuanzia mwaka 1966. Ya tano, 5H-MOG, ilikabidhiwa Februari 1970, na ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa kati ya 54. Usajili wa zote tano uligawanywa kama pilau ya shughuli: mbili Tanzania, mbili Uganda, moja Kenya. Kwenye karatasi kila nchi ilikuwa na ndege zake. Kwa kweli zilikuwa za shirika moja lenye makao makuu na karakana Nairobi, na mwenyekiti wake tangu 1964 hadi 1972 alikuwa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, waziri wa zamani wa sheria wa Tanganyika. Zilikwenda London na miji mingine ya Ulaya, zikaenda Bara Hindi na Mashariki ya Mbali. Mwaka 1970 shirika likajaribu hata New York. Safari hiyo haikudumu, na kwa maoni yangu ilikuwa tamaa ya fahari kuliko hesabu.

Aprili 18, 1972, moja ya Super VC10 hizo, 5X-UVA, ilikuwa ikipaa Addis Ababa kuelekea Roma na London. Tairi la mbele lilipasuka baada ya kupita juu ya kipande cha chuma kilichoachwa kwenye barabara ya kurukia. Rubani aliamua kusimama, breki hazikushika inavyopasa, ndege ikatoka mwisho wa barabara na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa.

Lakini ajali haikuliua shirika. Kilicholiua ni daftari. Faida ilitoka kwenye masafa marefu na njia ya Nairobi. Hasara ililala kwenye viwanja vidogo, na vingi kati ya viwanja hivyo vilikuwa Tanzania. Nairobi iliona inawabeba wengine. Dar es Salaam iliona karakana, ajira na mapato vimerundikana Kenya. Tangu Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja, kwa hiyo marais watatu waliopaswa kuamua ugomvi hawakukutana tena. Madeni baina ya washirika yakawa silaha. Mapema mwaka 1977 ndege zilisimama. Kenya Airways iliundwa Januari 22, ikaanza kuruka Februari 4 kwa ndege za kukodi. Siku hiyohiyo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Air Tanzania ilizaliwa Machi 11, ikirithi mabaki. Super VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza na jeshi likazichukua.

Mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, muungano wa nchi hizo tatu uliovunjika pamoja na shirika, iligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wafanyakazi wa zamani wa mashirika ya Jumuiya, wahudumu wa ndege na mafundi miongoni mwao, waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi baadaye. Hao hawakugawanywa kwa asilimia. Walisahauliwa kwa ujumla wao.

Jumuiya ilifufuliwa mwaka 2000. Shirika la ndege halikufufuliwa. Kila nchi imenunua lake: Air Tanzania ilirudi na Bombardier mwaka 2016 na Dreamliner mwaka 2018, Uganda Airlines ikarudi angani mwaka 2019, RwandAir nayo ipo. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi za tatu. Zuio lilipangwa kuanza Januari 22. Mawaziri walimaliza jambo hilo kabla ya tarehe hiyo kufika, lakini kulimaliza kwa simu si kulimaliza kwa sheria. Anga ya Afrika Mashariki bado inafunguliwa kwa ruhusa ya nchi mbili mbili. Jumuiya pale Arusha ina kazi ya kuifungua kwa sheria moja, na nauli ya Dar es Salaam kwenda Nairobi itaendelea kuwa ghali mpaka iimalize.