Jukwaa si gadi: Funzo la nyumba iliyoezuliwa Endarasha

Majuzi nilipita Endarasha, Kaunti ya Nyeri, siku chache baada ya upepo mkali kuezua nyumba moja ya mawe. Mafundi walikuwa wamesimamisha nguzo za mikaratusi, wakafunga mbao na kutandaza turubai juu. Nikauliza vitu hivyo vinaitwaje. Fundi akacheka: "Mwalimu, zote ni skafodi tu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye kasoro. Kiswahili kina majina tofauti kwa sababu kazi ni tofauti. Jukwaa humbeba fundi na zana zake. Siku hizi tumelihamishia kwenye siasa na maigizo hata tukasahau kazi yake ya ujenzi. Turubai huzuia mvua isilowanishe kuta. Gadi, nayo, ni mhimili wa muda. Mabaharia huitumia maji yanapokupwa: chombo kikikaa mchangani, hutiwa gadi kisilale ubavu. Ukuta uliopoteza paa ni kama jahazi hilo, haukosi wa kuuegemeza.

Historia ya Zanzibar inatufunza thamani ya mambo haya. Aprili 1872 kimbunga kilivunja merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka 1883 Sultani huyo alijenga Beit al-Ajaib. Jengo hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ingawa kasri jirani liliharibiwa vibaya. Lakini kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hudhoofika maji yanapopenya. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, upande wa mbele na mnara wa saa vikaanguka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walifariki.

Kwa hivyo jengo bovu huwa hatarini zaidi pale linapoanza kutengenezwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: kabla ya kuziba, tia gadi.

Nilimwonyesha fundi ukuta wa nyuma, ulioinama kidogo na hauna cha kuuzuia. Aliutazama kwa muda, akamwita kijana wake: "Shuka kwanza. Leta miti miwili, tuuwekee... Mwalimu, umesema inaitwaje?"

"Gadi," nikamjibu.