Gita ya Mwenda na kazi ya kompresere

Bandugu, ku studio zetu za mtaani tunasikia sana: «Imba tu, tutatengeneza ku miksaji.» Mwaka 1952 hakukuwa namna ile.

Mwaka ule Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na mashine yake ya kurekodi. Akakuta kijana, Jean Bosco Mwenda, anapiga gita kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na kuimba Kiswahili. Gita na sauti viliingia pamoja. Huwezi kuvitenganisha kisha. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mikono ya Mwenda na mahali mikro iliwekwa, na kwa jambo hilo Tracey alikuwa mkali. Mpaka leo nyuzi za besi na za juu unazisikia wazi.

Kompresere nayo ilikuwako tangu miaka ya 1930, ku radio, ili sauti kubwa isizidie mtambo wa kurusha. Ukiiweka 3 kwa 1, desibeli 3 zinazopita mpaka zinatoka 1 tu. Kisha unapandisha wimbo wote. Hapo ndiyo matata: kile kilikuwa chini nacho kinapanda.

Mie mtu wa agronomia nilijifunza kwa haya. Tulirekodi kwaya karibu na grupu ya umeme, nikasema kompresere itasaidia. Wimbo ulipotoka, waimbaji walikuwa kumi, na grupu ilikuwa ya kumi na moja.