Sahani ya Mgonjwa Siku ya Sikukuu: Namna ya Kumpikia Anayeishi na Saratani

Wiki ya Krismasi hapa Endagikot haijifichi. Mbuzi wanafungwa nyuma ya nyumba, vijana waliokuwa Arusha na Dar es Salaam wanashuka kwenye mabasi na mabegi yao, na jikoni masufuria makubwa yanatolewa. Lakini zipo nyumba ambazo pembeni mwa moto amekaa mtu mmoja aliyejifunika shuka. Yeye ndiye anayepewa sahani iliyojaa kuliko zote, na juu yake kipande cha nyama cha heshima. Anakitazama, anatafuna mara mbili, anakiweka chini. Aliyepika anaumia moyoni. Mgonjwa naye anaona aibu, na mwaka unaofuata anaomba aachwe ndani alale.

Makala hii ni kwa ajili ya nyumba hizo. Mgonjwa wa saratani hahitaji chakula cha pekee cha kununua mjini. Anaweza kula kutoka sufuria ileile ya sikukuu mkibadilisha mambo matatu: ulaini wa chakula, kiasi cha kila mlo, na muda wa kumpa. Haya yanafaa Krismasi na Mwaka Mpya, na yanafaa Idi na Pasaka pia.

Kwa nini chakula kinamshinda

Familia nyingi hudhani mgonjwa anakataa chakula kwa sababu amekata tamaa. Mara nyingi sivyo. Saratani yenyewe huondoa hamu ya kula na kufanya mtu ashibe baada ya vijiko vichache. Dripu za dawa za saratani huleta kichefuchefu, vidonda mdomoni na ladha ya chuma kwenye ulimi. Mionzi ya kichwani au shingoni hukausha mate. Maumivu yasiyotibiwa nayo hufukuza njaa.

Wapo pia wenye saratani ya koo la chakula, yaani umio. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi. Mgonjwa huanza kukwama kwenye nyama na ugali mgumu, kisha kwenye chakula laini, mwishowe hata maji. Ukimpa nyama choma unampa mateso, hata kama nia yako ni njema.

"Usimpe, unalisha saratani"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kila tukizungumzia saratani hewani. Watu wameambiwa wasimpe mgonjwa nyama, maziwa, mayai wala sukari, eti saratani itakufa njaa. Haifi. Mwili wote hutumia sukari inayotokana na chakula, na ukimnyima mgonjwa, nyama ya mwili wake ndiyo inayoisha. Mgonjwa aliyekonda sana hupata shida kustahimili dawa, na wakati mwingine daktari hulazimika kuahirisha dozi.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au ini afuate masharti aliyopewa na daktari wake. Wengine wasifungiwe vyakula kwa maneno ya jirani.

Anahitaji kiasi gani

Wataalamu wa lishe hushauri mgonjwa wa saratani apate protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 50 anahitaji gramu 60 hadi 75. Tupige hesabu kwa vyakula vyetu:

- Mayai 2: takriban gramu 12
- Maziwa vikombe 2 vya robo lita: gramu 16
- Maharage yaliyoiva, kikombe 1: gramu 15
- Nyama isiyo na mfupa, iliyopikwa, gramu 100: gramu 25

Jumla ni gramu 68. Hakuna hata kimoja hapo kisichopatikana mnadani. Asiyekula nyama aongezewe maharage, dagaa, karanga au maziwa.

Nguvu nayo inahitajika. Uji mwepesi wa maji na sukari hujaza tumbo bila kumpa kitu kikubwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti au samli kina kalori karibu 120, na hakiongezi ukubwa wa mlo. Kwa mtu anayeshiba baada ya vijiko vitano, kila kijiko kiwe na uzito wake.

Kutoka sufuria ileile

*Mbuzi wa sikukuu.* Kabla nyama haijaenda kwenye moto wa kuchoma, tenga kilo moja ya nyama yenye mfupa. Ichemshe taratibu kwa saa mbili au tatu hadi iachane na mfupa yenyewe. Weka kitunguu, karoti na kitunguu saumu kidogo. Pilipili usiweke. Supu hiyo pekee haitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya protini imo kwenye nyama. Kwa hiyo chambua nyama, ikatekate ndogo sana au iponde, kisha irudishe ndani.

*Mtori.* Menya ndizi mbichi 6, zichemshe ndani ya supu hiyo hadi zilainike, ziponde kwa mwiko, ongeza kikombe cha maziwa na kijiko cha samli, chemsha tena. Kwa asiyeweza kumeza vizuri, pitisha kwenye chujio. Ndizi zikikosekana tumia viazi mviringo.

*Pilau.* Wapikie wengine kama kawaida. Chota kikombe cha wali kabla haujakauka, ongeza supu na upike hadi uwe bokoboko. Harufu ya viungo vingi humchefua mgonjwa, hivyo onja kwa pua yake na si kwa yako.

*Ugali na maharage.* Songa ugali laini na uuchanganye na maziwa badala ya maji matupu. Maharage yaiveshe sana, yaponde, ongeza kijiko cha mafuta.

*Uji wa nguvu.* Koroga unga wa mahindi, ulezi au mtama kwa maji, uive vizuri. Ongeza kikombe cha maziwa, vijiko viwili vya karanga zilizosagwa na sukari kidogo. Ukitaka kuongeza yai, lipige pembeni, limimine huku ukikoroga, na uji uendelee kuchemka dakika kadhaa.

*Parachichi na ndizi mbivu.* Ponda pamoja na maziwa mgando. Hiki ndicho chakula rahisi kwa mwenye vidonda mdomoni, na hakihitaji moto.

Kama tatizo ni hili, fanya hivi

*Kichefuchefu.* Mkalishe mbali na jiko na moshi wa nyama. Mpe chakula kilichopoa, kwa kuwa hakitoi harufu kali. Dawa ya kuzuia kutapika aliyopewa hospitali anywe kwa wakati, hata kama ni siku ya sherehe.

*Ladha ya chuma.* Badili kijiko cha chuma, tumia cha plastiki au cha mti. Kama nyama inamtia kinyaa, mpe mayai, maharage au maziwa.

*Vidonda mdomoni.* Acha pilipili, limao, nyanya chachu na vyakula vikavu. Asukutue mara kadhaa kwa siku: maji yaliyochemshwa na kupoa lita 1, chumvi kijiko 1 cha chai, na magadi soda ya kupikia maandazi kijiko 1 cha chai. Asiyameze.

*Shida ya kumeza.* Akae wima wakati wa kula na abaki hivyo angalau nusu saa baadaye. Vijiko vidogo, bila haraka. Usimlishe akiwa amelala.

*Chai.* Iache ipoe kwanza. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Onyo hilo ni la familia nzima, si la mgonjwa peke yake.

*Kuharisha.* Apunguze mafuta na maziwa kwa siku hizo, anywe maji yenye chumvi na sukari ya paketi za zahanati, ale wali laini na ndizi.

*Kukosa choo.* Mara nyingi husababishwa na dawa za maumivu kama mofini. Maji ya kutosha, papai na mboga za majani husaidia, lakini aombe pia dawa ya kulainisha choo. Asiache dawa ya maumivu.

Hesabu siku za dripu

Dripu za dawa za saratani hupunguza askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, siku zenye hatari zaidi ni kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Aliyepata dripu tarehe 15 Disemba, Krismasi inamkuta siku ya 10, na nyumba imejaa wageni. Kwa hiyo:

- Kila anayemsalimia anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua au kikohozi amsalimie kwa mbali.
- Nyama iive kabisa, isiwe nyekundu ndani. Damu mbichi na mayai ambayo kiini hakijaganda asipewe.
- Maziwa yachemshwe, hata yale yatakayogandishwa. Maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na homa ya maziwa.
- Chakula kilichopikwa kisikae wazi zaidi ya saa 2. Kilichohifadhiwa kichemshwe hadi kitokote. Kiporo cha pilau kilicholala kwenye sufuria bila friji asipewe.
- Matunda yaoshwe kwa maji safi na yamenywe.

Mahindi na karanga zenye ukungu zisitumike kwa mtu yeyote. Sumukuvu iliyomo humo haiondoki kwa kupikwa, na ikiliwa kwa muda mrefu husababisha saratani ya ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tusizichague zilizooza tukazisagia uji wa mgonjwa.

Pombe, soda na dawa za mizizi

Pombe, iwe ya kienyeji au ya chupa, huchoma vidonda, hugongana na dawa na huchangia saratani kadhaa zikiwemo za mdomo, umio, ini na matiti. Soda si sumu, lakini hujaza tumbo kwa gesi na kumnyima nafasi ya chakula. Maziwa au maji ya matunda yaliyotengenezwa nyumbani yanafaa zaidi.

Wageni wengi huja na chupa za dawa za mizizi kwa nia nzuri. Zipokee kwa shukrani, ziweke kando, na umuulize daktari kwanza. Baadhi huumiza ini au hupunguza nguvu ya dawa za hospitali.

Ratiba ya siku yenyewe

Milo mitatu mikubwa humshinda. Mpe midogo sita:

- Saa 1 asubuhi: uji wa nguvu, kikombe 1
- Saa 4: yai na maziwa
- Saa 7 mchana, pamoja na wote: mtori, nusu bakuli
- Saa 10: parachichi na ndizi
- Saa 1 usiku: ugali laini na maharage yaliyopondwa
- Kabla ya kulala: maziwa ya vuguvugu

Tumia bakuli dogo. Bakuli dogo lililokwisha linampa mtu moyo, na sahani kubwa iliyobaki nusu inamvunja. Mwandalie nafasi mezani au mkekani pamoja na wengine, hata kama atakula vijiko vitatu. Mwambieni mjomba asitangaze mbele ya watu kwamba "huyu hali." Maneno hayo hufunga koo kuliko ugali mgumu.

Kuna pia mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho. Mwili wake unapojifunga, kumlazimisha kula kunaweza kumpalia na kumwongezea mateso. Hapo mlowanishie midomo kwa maji, mshike mkono, kaa naye. Kutokula kwake hakumaanishi kwamba mmeshindwa kumhudumia.

Msisubiri sikukuu iishe

Nendeni hospitali siku hiyohiyo, iwe ya mji wa Mbulu, Haydom au kituo kilicho karibu, mkiona:

- Joto la mwili nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, hasa baada ya dripu
- Anashindwa kumeza hata maji, au anakohoa kila akimeza
- Anatapika au kuharisha mfululizo kwa siku nzima
- Anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami
- Amechanganyikiwa, au hapati mkojo

Aliyekaa siku tano au zaidi karibu bila kula asijazwe chakula ghafla kwa furaha ya sikukuu. Mwili wake unaweza kushtuka vibaya. Aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Wanaotibiwa Ocean Road, Bugando au KCMC wabaki na namba ya simu ya kliniki yao na kadi mahali pa wazi, ili yeyote aliyepo nyumbani ajue pa kupiga.

Wekeni daftari karibu na jiko. Andikeni alichokula, saa ngapi, na kilichomkataa. Daktari atakapouliza mwezi Januari, daftari hilo litamsaidia kuliko kumbukumbu zenu. Na kama mchana wa Krismasi alikunywa nusu bakuli la mtori akakaa nanyi hadi wimbo wa pili, andikeni na hilo. Mlo unaofuata ni saa 10.